Huku kwetu dalili ya mvua si mawingu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama itawezekana usiikate sana maana hii kitu nimekaa nayo moyoni tangu msimu wa kahawa uliopita. Mimi ni mkulima na mnunuzi mdogo wa kahawa huku Bugoye, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kwenye bonde la mto Mubuku, pale ambapo asubuhi ukitoka nje unakuta Rwenzori imesimama mbele yako wazi kabisa, halafu ikifika saa nne saa tano imeshajifunika na huioni tena mpaka kesho. Nataka kuongelea upepo wa huu mlima na vile sisi tunaokaa chini yake tunauelewa, na vile tunauelewa vibaya pia, kwa sababu vyote viwili vipo.

Wote tumekua tukiambiwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali nzuri lakini huku haitusaidii. Mawingu sisi tunayo kila siku, yanakaa juu ya mlima tangu kabla ya mchana mpaka jioni, iwe masika iwe kiangazi, na siku nyingi huku chini halidondoki hata tone. Ukianua kahawa kila ukiona wingu basi hutaanika kabisa. Huku dalili ya mvua ni upepo, na hilo nimelijua kwa hasara.

Siku hiyo redio ilisema asubuhi kanda ya magharibi itakuwa na jua na vipindi vya mawingu, upepo wa wastani. Nikaanika maturubai nane, kahawa nyingine ilikuwa ya siku ya tisa tayari, ukiitikisa mkononi unasikia buni inagonga ndani ya ganda. Mpaka saa nane jua lilikuwa kali na upepo wa kawaida wa mchana unatoka huku barabarani unapanda kuelekea mlimani. Jirani yangu, mzee mmoja wa makamo ya baba yangu, alikuwa amekaa kivulini karibu na jiko la mke wake, akaniita, "Mama, anua kahawa." Nikatazama juu, juu yetu kulikuwa na bluu tupu. Nikamjibu, "Mzee, mvua yenyewe iko wapi?" Hakunionyesha mbinguni. Alinionyesha moshi. Ule moshi wa jikoni ambao tangu asubuhi ulikuwa unainama kwenda mlimani sasa ulikuwa umelala upande wa pili, unakwenda barabarani, na ulikuwa umelala chini kabisa karibu na nyasi.

Nikasema ngoja vijana warudi kula ndo tuanue. Haikufika nusu saa. Kwanza nilihisi baridi shingoni kama mtu amefungua mlango nyuma yangu, halafu migomba ikaanza kupasuka majani, halafu upepo ukaja wote kwa mara moja, ukaingia chini ya turubai la kwanza ukalinyanyua na kahawa yake juu, kona ya mabati ya stoo ikakunjuka, na tulivyokuwa tunakimbilia yale mabati mvua ikatufikia. Kahawa ya maturubai matatu ilikwenda na maji mpaka kwenye mtaro. Iliyobaki ilinyeshewa ikiwa karibu kukauka, na anayejua kahawa anajua maana yake, ilishika ukungu, ikanuka, na aliyeinunua aliipunguza bei mpaka nikaona haya kuwaambia wale walionikopesha.

Sikumlaumu mtu wa redio. Nilijilaumu mimi, kwa sababu huo moshi bibi yangu alinifundisha nikiwa mtoto na nikausahau.

Bibi yangu hakuwa na saa. Saa yake ilikuwa moshi wa jikoni. Alfajiri moshi unateremka na mto, unakwenda chini kwenye tambarare. Jua likishapanda, kama saa mbili na nusu saa tatu hivi, moshi unasimama wima kama mti, hauendi huku wala kule, na yeye alikuwa anasema "moshi umesimama", hapo ndo tunatoa kahawa nje. Baada ya hapo unageuka unapanda kwenda mlimani mpaka jioni. Magharibi inapoingia unasimama tena kidogo, halafu unaanza kuteremka, na usiku kucha unateremka. Alikuwa anasema mchana mlima unavuta pumzi, usiku unaitoa. Na alikuwa na onyo moja tu: moshi ukigeuka kushuka kabla ya wakati wake, yaani mchana, mlima umekasirika, kimbia na mali yako.

Kijana wangu yuko sekondari na mwaka huu wamefundishwa jografia ya pepo. Jioni moja alinisomea daftari lake na mimi nikamwambia maneno ya bibi, tukakaa pale tunalinganisha mpaka chakula kikapoa, kwa sababu ni kitu kilekile. Jua likitoka linaipiga miteremko, na hewa inayogusana na mteremko inapata joto haraka kuliko hewa ya urefu uleule iliyo mbali katikati ya bonde. Ikipata joto inakuwa nyepesi inapanda, na ya chini kutoka tambarare ya ziwa George inavutwa kuja kujaza nafasi. Huo ndo upepo wetu wa mchana. Kadiri inavyopanda inapoa, unyevu wake unageuka mawingu, kwa hiyo yale mawingu yanayofunika mlima kila siku ni jasho la tambarare yetu wenyewe, tumelipandisha sisi huku chini. Usiku mambo yanageuka, mteremko unapoteza joto, hewa iliyolala juu yake inapoa inakuwa nzito, inateremka kwa kufuata mabonde kama maji yanavyofuata mfereji. Na kwetu hii kitu ni kubwa kwa sababu ya mlima wenyewe. Ziwa George liko kama mita 914 tu juu ya usawa wa bahari, kilele cha Margherita kiko mita 5,109, na kati ya hivyo viwili ni kilomita hamsini na kitu. Ni sehemu chache sana Afrika zenye ukuta wa namna hiyo.

Na ule upepo ulioniharibia kahawa ni wa tatu, wala si wa mchana wala si wa usiku. Mvua kubwa ikinyesha huko juu inaipoza hewa na kuivuta chini nayo, hiyo hewa baridi inaanguka kwa nguvu, ikifika chini haina pa kwenda isipokuwa kutawanyika, basi inashuka na bonde ikitangulia mbele ya mvua yenyewe. Ndo maana unausikia wakati juu yako bado kuna jua. Ni mjumbe, ametumwa mbele. Bibi alisema mlima umekasirika, daftari linasema hewa nzito, lakini wote wawili wanakuambia kimbia, na wanakuambia kwa dakika zilezile.

Sasa mhariri, nieleze kilichonifanya nichukue kalamu.

Kulikuwa na mkutano huku kwetu, walikuja watu wa ofisi fulani kutuelimisha kuhusu maafa na tahadhari ya mapema. Mada ya maana sana, hakuna mtu wa Kasese wa kumwambia mafuriko ni nini. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa ukapita Kilembe mpaka mjini, na Mei 2020 ukarudia, na mito mingine ya mlima nayo ikavunja kingo, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, watu wakabaki na nguo walizovaa. Wakatueleza vizuri, na karatasi wakagawa. Ulipofika wakati wa maswali yule jirani yangu akasimama, akaanza kueleza habari ya moshi na upepo wa kushuka mchana, kwamba ukiusikia huo upepo wa baridi ujue huko juu kunanyesha na mto unaweza kuja hata kama hapa ni jua. Hakumaliza. Kijana aliyeshika kipaza sauti alimkata, akasema, "Asante mzee, hizo ni imani za zamani, leo tunaongelea sayansi," na watu wakacheka, wa kwetu pia wakacheka. Mzee akakaa. Nilimwona amekunja ile karatasi vipande vinne akaiweka mfukoni na hakusema neno mpaka tumefika nyumbani.

Iliniuma. Inaniuma mpaka leo. Kwa sababu alichosema mzee ndicho kilichoko kwenye daftari la mtoto wangu wa sekondari, na hakuna kitu cha maana zaidi kwa mtu anayekaa chini ya mlima kuliko kujua kwamba mvua inayomuua inanyesha mahali asipopaona. Huko juu mlimani mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, Kasese mjini hatufikishi hata nusu yake. Mtu wa mjini anaweza kuwa amekaa juani anauza nyanya na maji yako njiani yanakuja. Macho hayamsaidii, mawingu hayamsaidii maana yapo kila siku. Kitu pekee kinachofika kabla ya maji bila simu wala king'ora ni hiyo baridi inayoshuka na bonde.

Sisemi kwamba kila upepo wa kushuka unaleta mto. Mimi na kijana wangu tumeanza kuandika. Tuna daftari la kurasa 96, tunaandika siku, saa, moshi unakwenda wapi, baridi au joto, kilichofuata. Kuna mstari unasema: saa nane na nusu, moshi barabarani, baridi, harufu ya udongo uliolowa, saa tisa mvua kubwa. Na chini yake siku nyingine: saa tisa, moshi barabarani, baridi, hakuna kitu, tulianua bure. Vyote tunaviandika. Na huko ndo kupima, si ndiyo? Yule kijana wa kipaza sauti angesema tu, mzee, hiyo tuipime, mzee angelala na furaha siku ile.

Na mimi siwatetei wazee kwa kila kitu, niseme ukweli. Kuna tunayoyaamini kuhusu huu upepo ambayo si sawa na mengine yanaua.

La kwanza ni theluji. Karibu kila mtu huku atakuambia baridi ya usiku inatoka kwenye theluji, inateremka moja kwa moja kutoka kule juu inaingia kitandani kwako. Mimi pia niliamini hivyo. Na ile theluji ina heshima yake, wazee wa Kikonzo wanasema Kitasamba, mungu wa theluji, anakaa kule, na jina lenyewe la Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, linatokana na nzururu, yaani theluji, sitaki mtu aniambie namdharau. Lakini niliwahi kulala Kabale kwa ndugu yangu, kule hakuna theluji hata kidogo, na usiku upepo wa baridi ulishuka na bonde vilevile, asubuhi ukungu umejaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli na juu ya kilima ni jua. Kwa hiyo baridi inatengenezwa na mteremko wenyewe usiku. Hii ina maana kwa sababu nasikia watu wanasema theluji ikiisha upepo nao utaisha. Theluji kweli inaisha, mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5 na kufikia 2003 ilikuwa haifiki kilomita ya mraba 1, hiyo ni huzuni kubwa na ni habari nyingine ya kuandikiwa barua yake. Ila upepo wa kushuka utaendelea kuwepo, na mvua za ghafla zitaendelea, tusijidanganye.

La pili ndo linaniogopesha. Watu wanaamini upepo wa usiku wa mlimani unabeba ugonjwa. Homa, kikohozi, nimonia ya watoto, hata malaria, vyote vinawekwa kwa upepo. Sasa mama akiamini hivyo anafanya nini? Anaziba dirisha kwa gunia, anaziba mpaka lile tundu la juu ya mlango, halafu anaingiza sigiri ya makaa ndani mtoto apate joto. Jamani. Mtoto wa kaka yangu alikutwa asubuhi amelegea hawezi kuinua kichwa, mama yake naye anatapika, na walishukuru Mungu kwamba mtu aliwahi kugonga mlango alfajiri kuomba moto. Ule moshi wa makaa usioonekana na usio na harufu ndo uliowalaza, upepo haukuwagusa. Malaria inaletwa na mbu, hilo tumeshaambiwa mara mia, na mtoto mchanga kweli afunikwe vizuri maana baridi si nzuri kwake, lakini sigiri ikae nje na hewa ipite. Naomba wahudumu wa afya wa vijijini wakiongea na akina mama waanzie kwenye upepo, wasianzie kwenye makaa, kwa sababu mama hazibi dirisha kwa kupenda makaa, anaziba kwa kuogopa upepo. Usipomwondolea hiyo hofu, sigiri haitatoka.

Kisulisuli nitakipita haraka. Kiangazi, mchana, huko tambarare unakiona kinatembea na vumbi na makavera ya plastiki juu kama nguzo, na watoto wanakitupia mawe wakisema ni jini linahama. Ni ardhi imechemka tu na hewa inapanda kwa kuzunguka, hakidumu. Watoto waache watupe mawe.

Lakini mabati ya shule sitayapita. Kila masika yakianza utasikia shule fulani imeezuliwa paa, mara nyingi mchana saa za masomo au jioni kabla ya mvua, na watu wanaongea kama ajali, kama radi. Sasa ukienda kuangalia lile jengo utaona limewekwa ubavu mzima kwenye mdomo wa bonde, madirisha wazi upande wa mlimani, upepo unaingia kwa madirisha unakosa pa kutokea unanyanyua paa kutoka ndani. Misumari nayo ni michache. Na miti iliyokuwa upande ule imekatwa kuchoma matofali ya jengo lilelile. Wazee wetu walikuwa hawajengi mlango kutazama mto unakotoka, hiyo hata fundi wa kijijini anajua, lakini mkandarasi anakuja na ramani iliyochorwa mbali na hakuna anayemuuliza fundi wa kijijini. Stoo yangu mimi ilikuwa na kosa hilohilo. Nimegeuza mlango, nimefunga mabati kwa waya juu ya misumari, na upande wa mlimani nimepanda mistari miwili ya gravilea, sio mikaratusi, mikaratusi inakunywa maji ya kahawa. Miti ikiwa na nafasi kidogo katikati inaupunguza upepo nguvu, ukuta mzima unaufanya uruke na kuanguka nyuma yake. Hilo nalo nililisikia kwa yule mzee, na shambani unaliona kwa migomba, iliyo nyuma ya miti inabeba mkungu mpaka unaiva, iliyo nyuma ya ukuta wa matofali inaanguka.

Narudi kwa redio. Ninachoomba si kikubwa. Ukisema "kanda ya magharibi, upepo wa wastani" umeniambia mimi wa Bugoye kitu kimoja na mtu wa Mbarara na wa Hoima, wakati hapa tu, kutoka kwangu mpaka Katwe wanakochimba chumvi, kuna pepo tofauti kwa saa tofauti. Mtu wa chumvi Katwe anaogopa mvua kama mimi, mashimo yake yakiingia maji ya mvua kazi ya wiki imekwisha, lakini upepo unaompa habari yeye si wangu. Wekeni hata vipimo vichache kwenye midomo ya mabonde, Mubuku, Nyamwamba, Nyamugasani, Lhubiriha, na vingine juu kwenye njia ya wapanda mlima, na baridi ya ghafla ya mchana ikionekana kule, redio za hapa Kasese zitangaze palepale, kwa Lukonzo, kwa Rutooro, kwa Kiswahili. Kiswahili hiki tumekipata kwa migodi ya Kilembe, kwa reli na kwa mpaka wa Mpondwe, sokoni kila mtu anakisikia. Waongozaji na wapagazi wa mlimani wako juu kila siku na wana simu, na wao hawahitaji kufundishwa kusoma hewa, wanaondoka alfajiri ili wafike kabla mlima haujajifunika.

Nchi nyingine hazioni aibu kuongelea upepo wa mlima kwa jina. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu, huko Ulaya kwenye Alps wana upepo wanauita Föhn, ukishuka upande wa pili wa mlima unakuwa wa joto na mkavu, watu wanalalamika vichwa vinauma siku ukivuma, na utabiri wao unautaja kwa hilohilo jina la wanakijiji. Marekani kuna wa namna hiyo wanaita Chinook, na tarehe 22 Januari 1943 kwenye mji wa Spearfish uliipandisha hewa kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri mpaka 7 juu ya sifuri ndani ya kama dakika 2. Nani angeamini bila kuwa kimeandikwa? Hata hivyo sihitaji kwenda mbali. Watu wa pwani, ndugu zetu wa lugha hii, wana kaskazi, wana kusi, wana matlai, na mtu wa Lamu akisema "kusi" hakuna anayemwambia akae chini hizo ni imani. Na jambo lililonigusa ni umande. Sisi wa bara umande tunaujua ni ule wa kwenye majani unaolowesha miguu. Kumbe pwani umande ni jina la upepo pia, ule unaotoka nchi kavu asubuhi kwenda baharini, na wavuvi wanatoka nao. Ni ndugu wa upepo wetu wa alfajiri kabisa, ule unaoteremka kabla moshi haujasimama.

Sisi wetu hauna jina kwenye Kiswahili. Unao kwa lugha za nyumbani, bonde hili wanasema hivi na bonde lile vile, na wanaoyajua hayo majina wanazeeka, na wajukuu wao wanaangalia mvua kwenye simu inayowaambia habari ya mji ulio mbali na mlima. Kwa hiyo mhariri ombi langu kwako ni la kalamu tu. Fungua nafasi kwenye gazeti, hata safu moja kwa wiki, wasomaji walio chini ya milima waandike. Nawaomba hasa wa Kapchorwa, Bududa na Mbale chini ya Elgon, maana pale mlima ni mwingine kabisa, ni volkano ya zamani na umekaa kwa upana, nataka kujua kama moshi wao unasimama saa tatu kama wetu au unachelewa. Na wa Moroto. Na wenzetu wa upande wa Congo, walio nyuma ya Rwenzori hiihii, ambao upepo wetu wa kupanda huenda unakutana na wao huko juu.

Muandike unavuma saa ngapi, unatoka wapi, mnauitaje, na ukivuma mnafanya nini. Mzee wangu nimeshamwambia, naye amekubali kunisimulia yote anayoyajua jioni jioni nikiandika, alitaka tu kuhakikisha kwamba safari hii hakuna atakayemkata.

Mkulima na mnunuzi wa kahawa,
Bugoye, Kasese